Bangili ya Mzazi

1

Miaka hiyo theluji ya Kilimanjaro ilikuwa imebaki kwenye picha tu, na watoto walipoimbishwa wimbo wa kuisifu walidhani ni ngano. Kila mwanamke aliyejifungua mkoani alivishwa bangili pale pale kitandani, mtoto akiwa bado analia kilio chake cha kwanza. Ilikuwa nyembamba kama ukindu, laini, isiyoogopa maji wala moto wa jikoni. Haikusikiliza maneno ya mtu. Ilionja chumvi ya jasho, ikafuata mapigo ya moyo na usingizi, ikapima jinsi sauti inavyotetemeka, kisha kila asubuhi ikatoa rangi moja. Kijani, mzazi ametulia. Njano, aangaliwe. Nyekundu, ana ile huzuni nzito ambayo zamani iliwachukua akina mama kimyakimya huku ndugu wakisema ni uchovu, utaisha.

Watu wa mlimani ni wakulima wa kahawa. Hawakusema bangili ni nyekundu. Walisema imeiva.

Ikiiva siku tatu mfululizo, au hata mara moja ikiwa imeiva sana, gari lilipanda kutoka mjini, halina dereva, likamchukua mama hadi Nyumba ya Utulivu. Mtoto alibaki nyumbani na walezi, akinyweshwa maziwa ya akina mama wengine yaliyohifadhiwa, mpaka mama yake apone. Sheria hiyo haikutungwa na watu wabaya. Ilitungwa na watu waliokuwa wamezika wazazi na vichanga, wakaapa kwamba hawatazika tena.

Aikande Mmari alikuwa muuguzi mkaguzi wa bangili kwa upande wote wa magharibi ya mlima. Kazi aliipenda. Katika mwaka wake wa kwanza aliwaona wanawake ambao bila bangili wasingekuwa hai, na hadi leo baadhi yao walimpungia mkono sokoni. Kwa hiyo asubuhi Daktari Mfinanga alipomwita ofisini akiwa na uso wa furaha, Aikande naye alikaa kwa furaha.

Daktari Mfinanga ndiye aliyekuwa mkuu wa Nyumba ya Utulivu, Mpare mrefu asiyeweza kuzungumza jambo bila kikombe cha chai ya tangawizi. Alimwambia kwamba kuna mzazi kijijini Nkworeni, jina lake Tumsifu, mwalimu wa hisabati, uzazi wa kwanza. Bangili yake ilikuwa na siku chache za njano mwanzoni, kisha ikawa kijani, na tangu hapo haijabadilika hata kidogo. Katika mkoa mzima hapakuwa na mama aliyetulia kama huyo. Siku ya Wazazi ilikuwa inakaribia, naye daktari alitaka wamtangaze Tumsifu kuwa Mama Mfano. Aikande apande akampelekee pongezi na doti ya khanga, amwombe ridhaa.

Aikande alipanda gari la waya. Likining'inia juu ya migomba, alifungua simu yake aangalie vipimo vya huyo mama wa ajabu. Alianza kwa kutabasamu. Mama alilala mapema kama kuku na kuamka jogoo wa kwanza alipowika, bila kugeuka katikati. Moyo wake ulipiga polepole, kwa makini, kama mtu anayeshuka ngazi akishika ukuta. Jumapili asubuhi mapigo yalipanda kidogo, yakakaa juu kwa muda wa nyimbo tatu hivi, yakashuka.

Aikande alizima simu. Hakuna mtoto mchanga duniani anayemwacha mama yake alale namna hiyo.

2

Nyumba ilikuwa katikati ya kihamba, shamba la ukoo, migomba mbele, kahawa nyuma, na mfereji wa maji ukipita pembeni. Ilikuwa ya Bibi Haikaeli, mama mkwe wa Tumsifu. Mwanawe Kundaeli, mume wa Tumsifu, alikuwa fundi wa mitambo ya upepo huko Singida, na tangu likizo yake ya uzazi iishe alikuja kwa nadra. Mtoto alikuwa wa kike, hivyo kwa desturi alipewa jina la bibi yake. Wote walimwita Haika.

Bibi Haikaeli alimpokea mgeni kabla hajabisha hodi. Alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, mwenye sauti ya kwaya, amevaa sweta lenye mikono mirefu hadi kwenye vidole ingawa jua lilikuwa limetoka. Aikande alimwamkia shikamoo, na kabla marahaba haijapoa alikuwa tayari na bakuli la mtori wa ndizi mkononi. Akaambiwa kwamba mzazi anakula vizuri, analala vizuri, anacheka vizuri.

Tumsifu alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, mtoto kifuani. Nywele zilikuwa zimesukwa, khanga imepigwa pasi, kila kitu kuhusu yeye kimepangwa kama chumba cha mgeni ambacho hakuna mtu anayelala. Mkononi alikuwa na bangili ya kijani. Aikande alimuuliza anaendeleaje, Bibi akajibu. Alimuuliza maziwa yanatoka, Bibi akajibu hilo pia, na kwa maelezo. Hatimaye Aikande akatoa doti ya khanga na kueleza habari ya Mama Mfano. Tumsifu akasema asante, kama mtu aliyeambiwa kwamba kesho ni Jumatano.

Bibi ndiye aliyekaa chini taratibu. Ilionekana kwamba hakutegemea mambo yangefanikiwa kiasi hicho.

Wakati huo huo beberu wa Bibi alikata kamba. Wote walimwona kupitia dirishani akikatiza uani kwa mwendo wa mtu mwenye haki zake, akaingia kwenye maharage. Bibi akainuka na kutoka mbio.

Simu ya Aikande, iliyokuwa imewashwa mapajani mwake kupokea vipimo, ikalia. Ilisema kwa sauti ya upole kwamba mapigo ya moyo ya mzazi yamepanda ghafla, na kwamba ashauriwe kupumzika. Aikande akamtazama mzazi. Mzazi alikuwa hajasogeza hata kidole cha mguu.

Huko nje Bibi Haikaeli alisikika akimtaja beberu, na baba wa beberu, na ukoo wote uliomzaa. Simu ikasema kwamba mzazi anakimbia kupanda mteremko. Baadaye kidogo ikasema kwamba mzazi huenda ameanguka. Kisha ikasema mzazi ameinuka, na mwendo wake umeongezeka.

Tumsifu aliitazama ile simu. Aikande alimtazama Tumsifu. Mabega ya Tumsifu yakaanza kutikisika, midomo akaibana, ikamshinda, na kicheko kikamtoka kwa nguvu hadi mtoto akaachia ziwa na kumtazama kwa mshangao. Aikande naye alikuwa ameshika mbavu. Walicheka wote wawili kama wasichana wa bwenini, na kila walipotaka kunyamaza simu ilitoa taarifa nyingine.

Lakini kicheko cha Tumsifu hakikuishia pale vicheko vinapoishia. Kiliendelea, kikabadilika sauti, na Aikande akaona ni kilio.

3

Aikande alimpokea mtoto, akamweka begani, akamgonga gonga mgongo mpaka akacheua. Alivuta kigoda akakaa karibu, magoti yao yakigusana, akasubiri.

Tumsifu alipopata sauti alieleza mambo kama yalivyokuwa. Bangili aliyovaa ilikuwa ya kuchezea, zile za sokoni ambazo watoto wa kike huvaa wanapocheza baba na mama. Ile ya kweli alivishwa mikono ikiwa imevimba kwa uzazi. Uvimbe ulipoisha ikalegea, na siku moja wakati wa kuoga ikamtoka. Siku hiyo ilikuwa imeanza kuwa njano iliyokolea. Bibi aliiokota, akaitazama, akapaka mafuta ya parachichi mkononi mwake na kuivaa. Hawakupanga lolote. Kesho yake ikawa kijani, na Bibi akasema basi ikae siku moja zaidi mwanangu apumzike. Ikawa hivyo kila siku.

Waliogopa kwa sababu ya Anansia, jirani yao. Gari lilimchukua mwaka uliopita. Alirudi amepona kabisa, lakini maziwa yalikuwa yamekauka, na mtoto alipomwona akajificha kwenye khanga ya bibi yake.

"Na wewe unajisikiaje?" Aikande aliuliza.

Tumsifu alitazama mikono yake. "Namwogesha mtoto kama naosha vyombo vya jirani. Naviosha vizuri, navikausha, naogopa kuvivunja. Lakini si vyangu."

Kulikuwa na swali ambalo Aikande alifundishwa kuliuliza bila kulizungusha, naye miaka ilikuwa imemthibitishia kwamba kulizungusha ni kumwacha mtu peke yake. Akauliza kama amewahi kufikiria kujiua.

"Si kujiua," Tumsifu alisema. "Kuondoka. Napanda msituni, naendelea kupanda, mpaka baridi inichukue. Naona kama hapa wangepumua."

"Na mtoto?"

"Mtoto abaki na bibi yake. Siwezi kumgusa kwa ubaya. Ndiyo maana nataka kuondoka mimi."

Aikande alimshukuru kwa kumwambia. Ndipo wote wawili walipogundua kwamba Bibi Haikaeli amesimama mlangoni, magoti yamechubuka, kipande cha kamba ya mbuzi kiko mkononi. Alikuwa amesikia. Muda wote huo aliamini anaficha uchovu wa mwanamke aliyezaa. Hakujua kwamba ndani ya uchovu ule kulikuwa na njia ya kwenda msituni.

Aligeuka, akatoka. Aliporudi alikuwa ameshika jani la sale, lile jani refu la kijani linalooteshwa mipakani mwa vihamba, amelifunga fundo. Akamwekea Aikande mkononi kwa mikono miwili na kupiga magoti. Hapo mlimani mtu akiombwa kwa sale hakatai, hata kama aliyeomba amemuua ndugu yake.

"Nisamehe mimi," Bibi alisema. "Na gari lisije hapa."

Aikande alilishika lile jani. Mtoto alikuwa amelala begani mwake na kumlowesha blauzi.

Angeweza kunyamaza. Angeshuka mjini, aseme mzazi amekataa tuzo kwa unyenyekevu, na nyumba hii ingebaki na amani hadi asubuhi moja ya ukungu. Angeweza pia kuitoa bangili mkononi mwa Bibi na kuirudisha mkononi mwa mwenyewe, sheria ifanye kazi yake. Ingemwokoa Tumsifu na msitu. Ingemnyang'anya pia kiumbe pekee aliyekuwa bado anamfanya aamke kitandani. Kwa miaka yote Aikande aliiamini bangili kwa sababu haikuwahi kusema uongo. Sasa aliona kwamba haikuwahi kumuuliza mtu kitu pia.

Akamwinua Bibi. "Nimelipokea, Mama. Nimesamehe, hilo limekwisha. Lakini sitadanganya. Huyu anaumwa, na nikidanganya tutampoteza."

Kisha akamgeukia Tumsifu. Swali lililofuata halikuwa kwenye sheria wala kwenye chombo chochote, na alipolitamka alishangaa kwamba hakuwahi kulitamka kabla.

"Wewe unataka nini?"

Bila shaka Tumsifu alikuwa amezoea kuulizwa maziwa, usingizi na choo. Alimtazama mtoto, akatazama dirisha, akarudi kwa mtoto.

"Nataka kupona," alisema. "Lakini nikienda bila yeye, sitakuwa na sababu ya kurudi."

"Na mama mkwe wako?"

Tumsifu alimtazama Bibi Haikaeli, magoti yake yaliyochubuka, majani ya maharage nyweleni. Kitu kidogo kilipita usoni mwake. "Na Mama twende naye. Tukimwacha hapa, beberu atamuua."

4

Aikande alimpigia Daktari Mfinanga mbele yao wote. Alimweleza kila kitu kuanzia mafuta ya parachichi. Habari ya beberu ilimchekesha daktari hadi akaweka kikombe chini, lakini aliposikia habari ya msitu kicheko kikakatika. Akasema sheria ni moja. Bangili irudi kwa mwenyewe, gari litakuja, mtoto atabaki. Alisema si ukatili. Mama mwenye huzuni ya namna hiyo hawezi kujisemea, na mtoto hana mdomo kabisa.

Aikande akamjibu kwamba huyu amejisemea, tena amesema jambo ambalo bangili isingeuliza. Daktari akasema wagonjwa husema mengi. Aikande akasema ndiyo, na kazi yetu ni kuwasikiliza. Hawakugombana, walikuwa wamefanya kazi pamoja muda mrefu mno, lakini hawakuelewana pia, na simu ikakatwa.

Basi Bibi Haikaeli akapaka mafuta, akaivua bangili, na Tumsifu akanyoosha mkono mwenyewe avishwe upya. Bangili ikivaliwa upya hupima papo hapo, haingoji kesho. Baada ya chakula cha mchana ilikuwa imeiva kabisa, nyekundu ya kahawa inayotaka kudondoka, na gari jeupe likaonekana likipanda kwenye barabara ya mfereji bila mtu kwenye usukani.

Lilisimama mlangoni, likafungua mlango na kumkaribisha Tumsifu kwa jina. Tumsifu akaingia na Haika mikononi. Bibi Haikaeli akaingia na sufuria ya mtori iliyofungwa kwenye khanga mpya. Aikande akaingia na mkoba wa nepi.

Gari likasema kwamba hili ni gari la abiria mmoja, na abiria wasiohusika wanaombwa kushuka. Hakuna aliyeshuka. Likarudia kwa adabu ile ile. Bibi akaliambia kwamba yeye amezaliwa kabla ya bibi yake gari, na anahusika kuliko mtu yeyote. Gari likazima injini.

Nyuma yake zikaanza kupanga foleni pikipiki za kubebea ndizi. Majirani wakatoka vihambani. Kijijini gari jeupe lilipokuja, watu walikuwa na kawaida ya kusimama mbali na kuzungumza chini chini, na safari hii walifanya vivyo hivyo, mpaka Tumsifu aliposhusha kioo.

"Naumwa," aliwaambia. "Tangu nimezaa sijioni. Naenda kutibiwa."

Pale Nkworeni hakuna mtu aliyewahi kulisema jambo hilo kwa mdomo wake. Lilikuwa likisemwa na bangili, na watu wakalimalizia kwa minong'ono. Wanawake walitazamana. Kisha mama mmoja mzee, mkwe wa nusu ya kijiji, akasogea hadi dirishani akiegemea fimbo.

"Hata mimi niliumwa hivyo nilipomzaa Kisali," alisema. "Sikujua kama ni ugonjwa. Nilidhani ni mimi tu mbaya."

Mwingine akasema yake. Mwingine akasema ya dada yake. Anansia, yule jirani, alikuja na mtoto wake anayetembea sasa, akaingiza mkono dirishani na kumshika Tumsifu begani. Waendesha pikipiki waliokuwa wakipiga honi wakaacha. Mtu akaleta mkungu wa ndizi na kuupakia kwenye buti bila kuuliza kama gari linaenda.

Uso wa Daktari Mfinanga ulitokea kwenye kioo cha mbele cha gari. Ilikuwa wazi kwamba ametaarifiwa kuna gari limegoma mlimani. Alitazama sufuria, akatazama mtoto, akafungua mdomo kuzungumza na Aikande. Tumsifu akatangulia.

"Shikamoo, Daktari. Nimekubali kuja, sikulazimishwa. Mtoto wangu nakuja naye. Kama sheria inakataa, njoo umtoe mikononi mwangu wewe mwenyewe, maana gari halina mikono."

Daktari alisogeza uso karibu na kioo, akatazama nje ya gari. Aikande alimfahamu, na alijua anachokitazama. Kwa miaka mingi magari yalikuwa yakimletea mama mmoja mmoja, wametulia, peke yao, na hakuwahi kuona mlango waliotokea. Leo aliuona, pamoja na kijiji kizima kimesimama mbele yake.

Alimuuliza Aikande, kama kukitokea jambo, nani atajibu. Aikande akasema atajibu yeye. Daktari akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Hapana," alisema. "Tutajibu wote wawili."

Gari likawaka. Likasema idadi ya abiria imebadilishwa, karibuni sana, fungeni mikanda. Bibi Haikaeli akalishukuru, akaliita mwanangu.

5

Kupona kwake hakukuwa kwa siku moja. Tumsifu alipewa dawa, na kila asubuhi alikaa na mshauri kwenye veranda wakizungumza. Usiku wauguzi walipokezana mtoto na Bibi ili mama apate usingizi mzima, kitu ambacho bangili ilikuwa ikikitangaza kwa muda mrefu kutoka mkono wa mtu mwingine. Kulikuwa na siku alizoinuka na kujaribu hesabu za wanafunzi wake. Kulikuwa na siku alizogeukia ukuta, na Aikande akakaa chini sakafuni karibu na kitanda, ameushika mkono wake, hadi jua likazunguka upande wa pili wa chumba. Kundaeli alikuja kutoka Singida akiwa bado na ovaroli, akalia kuliko mkewe, ikabidi Tumsifu ambembeleze. Baadaye Tumsifu alisema hiyo ndiyo ilikuwa dawa mojawapo.

Aikande na Daktari Mfinanga waliitwa mbele ya baraza la afya la mkoa. Walieleza yaliyotokea, na hawakupunguza sehemu ya bangili ya sokoni. Wajumbe wengine walikasirika. Mmoja, mama mtu mzima aliyekuwa ameketi pembeni, aliuliza tu kama mzazi huyo yu hai. Wakamwambia yu hai, jana amelalamika kwamba chai ya pale ni maji ya kuoshea vikombe. Mama yule akasema basi walioandika sheria walitaka hivyo hivyo. Waliruhusiwa kuendelea kwa majaribio, na wakapewa onyo juu yake.

Hawakuwa na nafasi ya kuyapanga hayo majaribio, yaliwatangulia. Akina mama wengine waliokuwa Nyumba ya Utulivu walimsikia Haika akilia. Mmoja aliyekuwa hajazungumza tangu aletwe, Nasemba wa kule Mwanga, alitoka chumbani akiwa pekupeku, akamtazama mtoto muda mrefu, akauliza wa kwake yuko wapi. Wiki ile ile mtoto wake akaletwa, pamoja na shangazi aliyekuja na kuku. Wengine wakafuata. Kila mama aliulizwa kwanza anataka nini, na majibu hayakufanana. Mmoja alisema mtoto abaki nyumbani kwa muda, ili yeye alale, na hilo nalo likaheshimiwa. Bangili hazikutupwa. Zilirekebishwa tu, rangi ikawa inaonekana kwa aliyevaa kabla haijaonekana kwa mtu mwingine, na muuguzi akaja kwa miguu yake kuuliza.

Ilipofika mavuno ya kahawa, Nyumba ya Utulivu ilikuwa haina utulivu hata wa dakika. Kulikuwa na mabibi jikoni wakishindana mtori dhidi ya makande, na watoto kila pembe. Daktari Mfinanga alihamishia chai yake kwenye stoo, mahali pekee palipobaki kimya, hadi mabibi wakagundua na kuweka mikungu yao humo.

Aikande alikuja siku moja ya upepo na kukuta kelele uani. Ugomvi ulikuwa wa kamba za kuanikia. Nepi zilikuwa nyingi kuliko kamba, na kila bibi alidai aliwahi yeye. Katikati yao alisimama Tumsifu, khanga imefungwa kiunoni, Haika mgongoni, kibanio cha nguo mdomoni. Alikuwa amegawa uwanja mzima kwa vijiti, kamba hii ya vyumba hivi, ile ya vile, zamu za asubuhi na za jioni, na alikuwa akimweleza mama mkwe wake, kwa heshima lakini bila kurudi nyuma, kwamba hesabu haijali umri wa mtu. Bibi Haikaeli alilalamika kwa sauti kubwa na kutii, uso umejaa furaha asiyoweza kuificha.

Aikande alisimama pembeni. Alikuwa amejiandaa kumuuliza anaendeleaje, kwa maneno aliyoyafikiria njia nzima. Haika alipiga chafya mgongoni, na Tumsifu akacheka kabla hajajua anacheka. Akageuka, akamwona Aikande amesimama mikono mitupu wakati watu wana kazi. Akatoa kibanio mdomoni.

"Dada Aikande, shika huku."

Ilikuwa shuka kubwa, imelowa chapachapa. Aikande akashika ncha yake, Tumsifu akarudi nyuma na ya kwake, wakavuta, na upepo ukaikamata katikati ukawamwagia maji wote watatu.